Mfanyakazi wa mkataba wa msimu ananigharimu kiasi gani hasa? Karakana ya korosho, Mikindani

Mama Karakana, Mikindani

Ndugu zangu, salamu kutoka Mikindani. Ninaendesha karakana ndogo ya kubangua korosho yenye wafanyakazi saba wa kudumu, na mishahara yao yote kwa pamoja inafika shilingi 3,100,000 kwa mwezi. Msimu huu nimepata mnunuzi wa korosho karanga, yaani zilizokwisha kubanguliwa, anayetaka mzigo kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Januari, na ili nisimwangushe ninahitaji watu sita zaidi kwa miezi hiyo minne. Nimekusudia kumlipa kila mmoja shilingi 300,000 kwa mwezi, kwa kazi ya siku sita kwa wiki. Nilipokaa na daftari nilizidisha watu sita kwa miezi minne nikapata shilingi 7,200,000, na hiyo ndiyo niliyokuwa nikitaka kuiingiza kwenye bei ya kumpa mnunuzi.

Kilichonizuia ni yaliyonipata msimu uliopita, nilipofanya hesabu ya namna hii hii kwa watu wawili tu. Siku kazi ilipokwisha, kijana mmoja niliyemtoa Newala alisimama mlangoni na begi lake na godoro lililofungwa kamba, akaniuliza kwa adabu kabisa kuhusu nauli ya kurudi kwao na malipo ya likizo yake. Sikuwa nimetenga hata senti moja kwa ajili hiyo. Nilimlipa, lakini nilichukua fedha za kununulia magunia, na kwa wiki nzima mzigo ulikaa umemwagwa sakafuni kwa kukosa vifungashio.

Sasa nimepokea ushauri wa aina mbili. Jirani yangu anasema niwaandikie karatasi ya kwamba kila mmoja ni mkandarasi anayejitegemea, nisihangaike na NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, wala kitu kingine. Mwingine anasema nichukue watu kupitia wakala, niandikiwe ankara moja na kumaliza. Ninaomba mwenye ujuzi anisaidie kujua gharama halisi ya mtu mmoja kwa mwezi, na kama ushauri huo wa jirani unafaa kufuatwa. Ninataka kuwalipa haki yao, ila ninataka niijue kabla sijataja bei, si baada.

Mhasibu wa Ligula

Mama, shikamoo. Swali lako ni zuri kwa sababu umeliuliza kabla ya kutaja bei. Wengi hunijia mwezi Februari, wakati fedha ya mnunuzi imekwisha kutumika.

Tuanze na huyo mtu mmoja wa shilingi 300,000. Juu ya mshahara wake wewe mwajiri unachangia NSSF asilimia 10, yaani shilingi 30,000, na yeye anakatwa asilimia 10 yake, nayo ni shilingi 30,000 nyingine, hivyo unapeleka shilingi 60,000 kwa jina lake. Kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, unalipa asilimia 0.5, ambayo ni shilingi 1,500, na hiyo hairuhusiwi kumkata mfanyakazi hata kidogo. Mfuko huu ulipoanza kazi mwaka 2015 sekta binafsi ilikuwa ikilipa asilimia 1, kwa hiyo mzigo huo umepungua, na kwa karakana yenye visu na mafuta ya ganda ya korosho hiyo shilingi 1,500 ndiyo fedha unayopaswa kuilipa kwa moyo mweupe kuliko zote.

Linafuata jambo ambalo ndilo lililokuumbua mlangoni. Watu wengi wanajua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo, nao huishia hapo hapo bila kusoma mstari unaofuata. Mstari huo unamtoa mfanyakazi wa msimu katika katazo hilo, maana yeye ana haki ya likizo hata kama hajafikisha miezi sita. Malipo yake hukokotolewa kwa mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Kwa miezi minne ya siku sita kwa wiki, watu wako watafanya kazi siku zipatazo 104, ambazo zinazaa siku 8 za malipo. Mshahara wa siku unaupata kwa kugawanya 300,000 kwa 4.333 ili upate wa wiki, kisha kugawanya kwa siku 6, nao ni kama shilingi 11,539. Siku nane zinakuwa kama shilingi 92,300 kwa mtu mmoja, au shilingi 23,077 ukizitandaza kwa kila mwezi. Yule kijana wa Newala, kwa hiyo, alikuwa anadai haki yake.

Mpaka hapo mtu wa 300,000 amefika shilingi 354,577. Bado kuna tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile inayoitwa SDL, na hapa Mama ninakuomba usome polepole, kwa sababu ndipo hesabu yako inapobadilika sura. Tozo hii inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi, na vibarua na watu wa muda nao huhesabiwa. Leo una saba, hulipi. Ukiongeza wawili unakuwa na tisa, hulipi. Ukimwongeza wa kumi, tozo haimhusu yeye peke yake, bali inatozwa juu ya malipo ya watu wote, wakiwamo wale saba wa zamani. Mwaka 2023 kiwango kilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5, na ndicho nilichotumia hapa. Sheria ya Fedha ikikigusa tena, badilisha namba hiyo moja tu na hesabu nyingine zitafuata. Ukiwa na watu kumi, malipo ya mwezi yatakuwa shilingi 4,000,000, na tozo yake shilingi 140,000. Kwa maneno mengine mtu huyo wa kumi mshahara wake ni 300,000, lakini amekuja na mgeni wa 140,000 kila mwezi. Ukiwa na watu kumi na watatu kama ulivyopanga, malipo ni 4,900,000 na tozo ni 171,500, ambayo kwa miezi minne inafika shilingi 686,000.

Sisemi haya ili uwafiche watu au uwaandike kwa majina ya shemeji zako. Ninasema ili ujue mstari ulipo, na kama umeuvuka, uuvuke kwa faida. Kuajiri watatu ni ghali kwa kila kichwa kuliko kuajiri sita.

Kodi ya mshahara haitakusumbua sana. Mtu wa 300,000 akishatolewa mchango wake wa NSSF anabaki na 270,000, na hapo ndipo hasa kiwango kisichotozwa kodi kinapoishia. Ila akifanya saa za ziada, kiasi kinachozidi 270,000 kinaanza kukatwa asilimia 8. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu, kwa hiyo kwake ni kama shilingi 2,308, na akifanya kazi Jumapili ambayo si siku yake ya kawaida, au sikukuu, malipo ni mara mbili. Mnunuzi akikukimbiza Desemba, Krismasi nayo iko njiani, hiyo ndiyo itakayokula faida yako, si NSSF.

Jumla ya yote, kwa watu sita na miezi minne, inakaribia shilingi 9,196,000, wakati wewe uliandika 7,200,000. Pengo ni karibu milioni mbili, nalo bado halijagusa nauli, glavu, aproni, uchunguzi wa afya wala korosho zitakazovunjika mikononi mwa wanaojifunza.

Kuhusu jirani yako: usimfuate. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa ni mfanyakazi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa moja tu ya hali ilizozitaja ipo: kwamba unamwelekeza namna ya kufanya kazi, unampangia saa, unampa vifaa, anakutegemea wewe kwa kipato chake, au amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu. Mbanguaji wako anatimiza hizo zote kabla ya chai ya saa nne. Atakayeketi kusikiliza shauri kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hatauliza karatasi inaitwaje, atauliza kisu na meza ni vya nani. Ukishindwa, michango uliyoikwepa utaidaiwa yote, pamoja na sehemu ya mfanyakazi ambayo hutaweza tena kumkata.

Wakala mwenye leseni anaweza kukusaidia kupata watu, lakini ankara yake haina muujiza: ina mishahara hiyo hiyo, michango hiyo hiyo, ada yake, na kama amesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), kodi hiyo ambayo wewe usiyesajiliwa huwezi kuirudisha. Kwa watu sita sioni sababu.

Mzee wa Ufuta, Nachingwea

Mhasibu amesema vizuri, nami ninaongeza jambo moja ambalo halimo kwenye asilimia, nalo ndilo lililoniumiza kuliko asilimia zote.

Miaka michache iliyopita niliajiri watu wanane wa kusafisha na kupanga mazao ghalani, nikawaandikia mkataba wa miezi mitano wenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Bei mnadani ikapanda kuliko nilivyoweza kununua, na mwezi wa tatu haujaisha ghala lilikuwa tupu, tunafagia vumbi. Niliwaita nikawaambia kazi imekwisha, nikawalipa siku walizofanya na kuwashukuru. Watano wakaenda Tume ndani ya muda unaoruhusiwa. Niliyemtegemea kunitetea aliniambia ukweli wakati tumeketi kwenye benchi nje ya chumba: mkataba wenye tarehe ni ahadi ya mpaka tarehe hiyo, na ukiuvunja katikati bila sababu halali, unachodaiwa ni mishahara ya miezi iliyobaki. Tulisuluhishwa, nikalipa, na sikuwa na kinyongo na wale vijana, kwa sababu nao walikuwa wameacha mashamba yao wakitegemea miezi mitano.

Kwa hiyo Mama, swali la kujiuliza kabla ya yote ni hili: je, una hakika ya korosho ghafi mpaka Januari? Wewe unajua minada ya huku kwetu inavyokwenda, wiki hii mzigo ni mwingi na bei inashikika, wiki ijayo wenye meli wanasubiri bandarini Mtwara na mdogo kama wewe hapati kilo. Kama huna hakika, usiandike miezi minne. Sheria inatambua pia mkataba wa kazi maalumu, unaokwisha kazi iliyotajwa inapokwisha. Andika kwamba kazi ni kubangua na kumenya tani kadhaa za korosho ghafi zilizopo katika ghala lako siku fulani, na kwamba mkataba unafikia mwisho tani hizo zinapokamilika. Ukipata mzigo mwingine, mnaandikiana upya. Zamani mkataba wa tarehe kwa mtu asiye mtaalamu wala kiongozi ulikuwa na utata wake kisheria, na marekebisho ya mwaka 2025 yameufungulia mlango kwa kazi za msimu, lakini mlango kuwa wazi haimaanishi kila mwenye nyumba aupite.

Mbanguaji

Shikamoo Mama, nami ninaomba nichangie kutoka upande wa meza ya kubangulia, kwa kuwa nimefanya kazi hiyo misimu sita katika karakana tofauti hapa Mtwara.

Mwajiri mmoja alituambia atatulipa laki tatu. Mwisho wa mwezi tukapokea 270,000, na karakana nzima ikanuna, tukidhani tumeibiwa. Hakuna aliyekuwa ametueleza kwamba 30,000 imekwenda NSSF, wala kwamba yeye ameongeza 30,000 nyingine juu yake. Ningejua siku ya kwanza nisingenung'unika, kwa sababu leo namba yangu ya NSSF ndiyo akiba pekee niliyo nayo. Ninakuomba siku ya kuwaandikisha watu uwaambie kiasi watakachoshika mkononi. Na kama ulikuwa unamaanisha laki tatu mkononi, basi ijue mapema, maana hesabu yako yote inapanda.

Jambo la pili ni mikono. Mafuta ya ganda yanaunguza, na ngozi ya vidole inatoka kama ya kitunguu. Wengine wanatupa majivu tujipake, wengine mafuta ya nyonyo, na glavu zikitolewa zinakuwa jozi moja kwa mwezi ilhali zinatoboka kwa wiki. Mtu ambaye vidole vyake vimeungua anabangua taratibu na kuvunja korosho nyingi, kwa hiyo glavu unayoibania unailipa kwenye korosho zilizovunjika. Wiki mbili za kwanza mgeni hafikii hata nusu ya kazi ya mzoefu, na hilo nalo ni gharama, ingawa halina risiti.

La tatu, usiwakate watu kwa korosho zilizovunjika kwa kukadiria kwa macho. Mimi nilikatwa shilingi 45,000 mwezi mmoja bila kuonyeshwa zimevunjika ngapi, na mwezi uliofuata wenzangu wanne waliondoka siku moja.

Mhasibu wa Ligula

Dada Mbanguaji, asante, umegusa penyewe. Makato ya hasara yanahitaji makubaliano ya maandishi, kosa lionyeshwe, mhusika apewe nafasi ya kujieleza, na makato yote kwa pamoja yasizidi robo ya ujira wake. Kukadiria kwa macho hakumo.

Kuhusu laki tatu mkononi nimekokotoa: Mama itabidi aandike mshahara wa kama shilingi 336,200, ili zikitoka NSSF ya mfanyakazi 33,620 na kodi ya kama 2,600, ibaki 300,000. Asilimia nyingine zote zitapanda kufuata mshahara huo mpya.

Mama Karakana, Mikindani

Marahaba wanangu, na wewe Mzee shikamoo. Nimesoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kikokotoo.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Je, nikiwalipa kwa kilo badala ya mwezi, ninaondokana na haya yote? Na nauli ya kurudi kwao ninamlipa nani, na nani simlipi? Wawili wanatoka Newala, mmoja Masasi, na watatu ni wa hapa hapa Mikindani.

Mhasibu wa Ligula

Malipo kwa kilo yanabadilisha namna ya kupima kazi, hayabadilishi uhusiano wenu. Atabaki mfanyakazi wako, michango italipwa juu ya alichopata, na alichopata hakiruhusiwi kuwa chini ya kima cha chini cha sekta yenu, ambacho viwango vyake vipya vilianza tarehe 1 Januari 2026. Ninavyoona mimi, wiki mbili za kwanza walipe kwa mwezi, wasivunje korosho kwa pupa wakati bado wanajifunza. Baada ya hapo unaweza kuweka kiwango cha kilo kwa korosho nzima juu ya mshahara wa msingi, ili mwenye mkono mwepesi aone faida ya mkono wake.

Nauli inategemea mahali ulipomwajiria. Mkataba ukiishia mahali tofauti na ulipomchukua, unapaswa kumsafirisha yeye na vitu vyake mpaka huko, au umlipe posho isiyopungua nauli ya basi mpaka kituo kilicho karibu na mahali hapo, na kila siku unayomchelewesha kumsafirisha unadaiwa posho ya kujikimu. Kwa hiyo wale ulioagiza kutoka Newala na Masasi utawalipa, na wa Mikindani hutawalipa. Mahali pa kuajiriwa ni moja ya mambo ambayo sheria inakutaka uyaandike katika maelezo ya ajira, pamoja na jina, umri, kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, saa za kazi na ujira. Yatunze maandishi hayo miaka mitano baada ya ajira kuisha, kwa sababu mkibishana na huna karatasi, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wako.

Mzee wa Ufuta, Nachingwea

Na godoro ni sehemu ya vitu vyake. Makondakta wa huku hutoza mzigo peke yake.

Mama Karakana, Mikindani

Nimemaliza hesabu leo jioni. Nimeacha mshahara wa 300,000, nami nitawaambia wazi siku ya kuandikishana kwamba watashika 270,000 na kwamba nami ninaweka 30,000 yangu. Nimechukua ile milioni 9.196 ya Mhasibu, nikaongeza nauli za watu watatu na mizigo yao, jozi ya glavu kwa kila mtu kila wiki, na fungu dogo la saa za ziada za Desemba. Nimegawanya kwa kilo nilizoahidi, na bei mpya nimempelekea mnunuzi. Amelalamika kidogo, akaomba nimweleze, nikamsomea mstari kwa mstari, na amekubali sehemu kubwa yake.

Mkataba nimeuandika wa kazi maalumu kama alivyoshauri Mzee, kwa korosho ghafi zilizomo ghalani tu, kwa kuwa za mnada ujao bado hazijawa zangu. Watu sita wamebaki sita. Yule kijana wa msimu uliopita nilimpigia simu nikidhani atakataa, naye amekubali kurudi. Karatasi yake ndiyo niliyoijaza ya kwanza, na kwenye mahali pa kuajiriwa nimeandika Newala.